Niachie Taa

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni glavu za kaka yangu. Mkono wa kulia alivaa ya rangi ya chungwa, wa kushoto ya bluu. Alikuwa anafungua kamba gatini huku akiimba kwa pua, na mikono yake ilionekana kama ya watu wawili walioazimana mwili. Jikoni nilikuwa na jozi kamili, nimeikausha juu ya jiko. Nilitaka kumwambia. Lakini abiria walikuwa wameanza kupanda, na mimi mbele ya wageni mdomo hujifunga wenyewe. Nikashuka kuchemsha maji ya chai.

Ilikuwa safari ya mwisho ya msimu ya kuwapeleka wageni kuona ukuta wa barafu. Mwezi wa tisa kwetu huku kaskazini ya mbali vichaka vya kando ya maji huwa vimeshageuka njano, samoni waliobaki mtoni wanaoza wakiwa bado wanaogelea, na dubu wameshiba mpaka wanakula mayai ya samaki tu na kuacha nyama. Wageni nao huwa wamepungua. Siku ile walikuwa wachache, hawakujaza hata viti vya dirishani. Namkumbuka bibi mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufu, na mwanamume mrefu aliyekuwa na kamera kubwa shingoni na haraka ya kuona kila kitu.

Boti iliitwa Irene, jina la mama yetu. Mwenye boti na nahodha alikuwa mjomba Cyril, mdogo wake mama. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Sisi ni watu wa ukoo wa Kunguru kwa sababu mama alikuwa Kunguru. Baba alikuwa wa Tai, na ndugu zake wote ni wa Tai. Baba anakupenda, lakini mjomba ndiye anayekufundisha kazi, ndiye anayekugombeza, na vitu vyake ndivyo vitakavyokuwa vyako. Mjomba Cyril hakuwa na mtu mwingine. Boti ingekuwa ya kaka yangu Elwood, na jambo hilo halikuhitaji kusemwa, kama vile hakuna anayesema kesho maji yatajaa.

Mama alipougua sisi tulikuwa wadogo. Alikaa hospitali ya mjini majira mengi, mimi nikaacha shule nikiwa darasa la tano ili kupika, na kulala tulilala kwa mjomba. Nyumba yake iko mwisho wa kijiji, karibu na gati, na giza la huko ni giza kweli. Elwood, ambaye mchana hakuogopa hata dubu, alikuwa akiliogopa giza hilo. Kila mjomba alipoondoka chumbani, sauti ilitoka chini ya blanketi: "Mjomba, niachie taa." Mjomba alilalamika kuhusu mafuta, kisha akaiacha taa.

Elwood alipokuwa mtu mzima, maneno yale yakawa mzaha wao. Kazi yake kwenye safari ilikuwa kushuka kwenye boti ndogo ya bati na kuvua kipande cha barafu kwa ajili ya wageni, ile barafu ya zamani iliyo ngumu kama kioo, waishike na kupigwa picha. Akiwa anashuka ngazi humwambia mjomba, "Mjomba, niachie taa." Mjomba humjibu bila kugeuka, "Nitakuachia kibiriti."

Nieleze na jambo la fisimaji, maana bila hilo hakuna cha kusimulia.

Wageni wakimwona fisimaji hucheka, kwa sababu ana masharubu na anaelea chali. Yule ni wa baharini, hana neno. Sisi tunamwogopa wa nchi kavu, mwembamba, anayekaa kwenye mizizi kando ya maji. Mtu akizama, akikaribia kukata roho, hao humjia wakiwa na sura za ndugu zake. Humtoa majini, humpeleka ufukweni, na pole pole humfanya kuwa mmoja wao. Baadaye yeye naye husimama ufukweni akiita walio hai. Ukimwitikia umekwenda. Kinachomfukuza ni mbwa, na mlio wa chuma.

Mjomba ndiye aliyetufundisha namna ya kumtambua. Tulikuwa tunatoa matumbo ya samaki, sote watatu. Alisema, "Fisimaji anajua jina lako. Jina linabebwa na maji, kila kitu kinalisikia. Lakini undugu hana tena. Hawezi kukuita dada, hawezi kukuita shangazi. Akikuita jina, ziba masikio. Akikuita kwa undugu, huyo ni mtu, nenda, hata kama huoni mkono wako."

Siku chache baadaye Elwood alijificha nyuma ya banda la mafuta, jua likizama, akaanza kuita kwa sauti ya kilio, "Verna. Verna." Nilichukua sufuria na mwiko wa chuma nikaipiga mpaka majirani wakatoka. Akajitokeza ameshika masikio, anacheka hadi anainama.

"Wewe dada, kelele zile hata mimi binadamu nilitaka kuingia porini."

"Uliita jina," nikamwambia. Kwake na kwa mjomba niliweza kusema.

"Haya. Nikiwa na shida kweli nitaita kwa undugu."

Hayo yalikuwa ya utotoni. Siku ya safari alikuwa na miaka ishirini na mitano, na bado alikuwa mcheshi wa boti. Bibi mwenye kofia nyekundu aliniuliza jina langu nilipompelekea chai, nikatikisa kichwa tu kama mjinga, na Elwood akatokea nyuma yangu. Alimwambia huyu dada yangu huongea mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi, na mwaka jana aliiruka. Bibi akacheka, akanishika mkono. Yule mwenye kamera akauliza kama mimi ni bubu. Elwood akamjibu kwa upole kwamba hapana, ni mchaguzi tu.

Tuliona nyangumi wawili mdomoni mwa ghuba, tukaona dubu na watoto wake wakigeuza mawe maji yakiwa yamekupwa. Wageni walifurahi. Mimi nilikuwa napika supu ya samoni na viazi, na Elwood alipita jikoni kuchomoa kipande cha mkate wa kukaanga, akaniambia supu yake niifunike, atakula akirudi na barafu.

Mchana tuliingia penye barafu. Kuna kona ya mwamba mweusi, ukiipita unauona ukuta wote, mrefu kuliko kanisa letu likipandishwa juu ya kanisa jingine, umepasuka pasuka, na rangi ya bluu ndani ya mipasuko. Hapo mjomba hupunguza mwendo na kufungua dirisha. Huusemesha ukuta. Hakuwahi kuwaambia wageni anachosema. Wao hudhani anaongea na redio. Alisema kama kawaida, "Babu, ni sisi wajukuu zako. Tunapita tu, hatukai."

Elwood alikuwa ameegemea mlango. "Mwambie na mimi nipo."

"Anakujua. Amekunusa tangu kona ile."

Kisha mjomba akatazama vipande vilivyokuwa vinaelea. Siku zote huwa na sili, wale wanyama wanene wa baharini, wamelala juu yake. Siku ile vilikuwa vitupu vyote. Alisema hapendi, tugeuze. Lakini yule mwenye kamera alikuwa amepanda mpaka mlangoni, akauliza barafu ya kushika iko wapi, kwenye tangazo waliahidiwa. Mjomba alimtazama Elwood. Elwood akasema ni mara moja tu, kipande kile pale, hakiko mbali.

Akashuka na glavu zake mbili zisizofanana. "Mjomba, niachie taa."

"Nitakuachia kibiriti."

Nilikuwa dirishani pa jikoni, nikamwona akipiga makasia taratibu, anakata kona kati ya vipande, akiwa na wavu magotini. Ukuta ulipomeguka niliona kwanza, sauti ikaja baadaye. Upande mzima ulishuka wima, kama mtu aliyechoka kusimama. Halafu ndipo ngurumo ikatufikia, na nyuma yake wimbi.

Mjomba aligeuza pua ya boti kulikabili, na hilo ndilo lililotuokoa. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Supu ilimwagika yote, watu waliangushana, vyombo vilivunjika. Nilipofika juu, pale alipokuwa Elwood palikuwa na vipande tu vya barafu vinavyogongana na kuzunguka, vipya vingi, vyeupe, kila kimoja kikitafuta namna ya kulala.

Tulimtafuta. Tuliiona boti ya bati imepinduka, ubavu umekunjwa. Tuliona wavu. Niliona glavu ya bluu ikielea kiganja juu, nikafikiri mkono umo ndani, na mjomba alipoivuta kwa ndoano haikuwa na kitu. Wageni wote walisimama kwenye ukingo wa boti wakitazama maji, hata yule wa kamera, na naamini walitazama kwa moyo. Tulizunguka na kuzunguka. Barafu ilikuwa inaziba, na tulipojaribu kupenya kuelekea ufukwe wa kaskazini propela iligonga kitu, boti yote ikatetemeka, na baada ya hapo ilikwenda kama mtu mwenye goti bovu. Maji yalianza kuingia nyuma, kwenye ungio la mbao. Pampu ilikuwa inayatoa, lakini polepole kuliko yalivyoingia. Redio haikumpata mtu, milima inaizuia. Mpaka utoke mdomoni mwa ghuba.

Kisha ukungu ukashuka kutoka kwenye barafu, mzito, ukafunga mwamba, ukuta, kila kitu.

Maji yale humuua mtu kabla hajamaliza kusali. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo. Mjomba alisimama kwenye usukani muda mrefu. Nilikuwa karibu naye, na nilimsikia akisema jina la mama, "Irene," mara moja. Sijui alikuwa anaiambia boti au anamwambia dada yake. Halafu akageuza tukaanza kutoka.

Tulikwenda polepole kufuata ufukwe wa kaskazini ambao hatukuuona. Nilikuwa nyuma, namwaga maji kwa sufuria kusaidia pampu. Hapo nikasikia mtu anaita.

Sauti ilitoka kulia, upande wa miamba. Haikuwa mbali. Ilikuwa imepasuka, ikakohoa, ikaita tena. Bibi mwenye kofia nyekundu naye aliisikia, aliinua kichwa. Nilikimbia mpaka kwa mjomba nikamshika mkono wa koti.

"Mjomba, anaita."

Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na injini za miaka mingi. Alifungua dirisha, akasikiliza, na nikaona uso wake ukiisha rangi. Kumbe aliisikia sauti, ila maneno hakuyapata.

"Nani anaita?" nikaulizwa na bibi kwa nyuma.

"Ni sili," mjomba akamjibu. "Wanalia kama watu. Ingieni ndani tafadhali, kuna baridi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuonyesha wageni mandhari. Kisha akanigeukia mimi kwa lugha yetu. "Usimjibu."

Nikamwambia ni yeye. Nilitaka kumwambia na ninachosikia, nilifungua mdomo, akauziba kwa kiganja chake. Kiganja kilinuka dizeli. "Mtu aliyeingia maji yale haiti tena. Wameshamchukua. Usiseme neno, ukisema atakuchukua na wewe." Alikuwa analia, lakini mkono wake ulikuwa na nguvu. Alinisukuma nje ya mlango, akaongeza moto wa injini.

Nilirudi nyuma mbio. Nilisimama ukingoni nikajaribu kupiga kelele, nimwite kaka yangu. Nimeshasema mimi ni mtu wa namna gani. Koo lilifunga. Lilitoa mlio mdogo kama wa mlango. Sufuria ilikuwa miguuni, na mwiko wa chuma ulikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nikaiokota sufuria nikaanza kuipiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, ajue tumesikia, ajue tuko hapa.

Dirisha la juu likafunguka. "Vizuri," mjomba akasema. "Piga. Mfukuze."

Niliendelea kupiga mara mbili tatu zaidi kabla maneno yale hayajaniingia. Mlio wa chuma. Nilikuwa nampigia kaka yangu mlio wa chuma, na yeye kule kwenye mwamba alijua kama ninavyojua mimi maana yake ni nini: nenda, wewe si mtu tena.

Mwiko ulinitoka. Ukaanguka majini.

Katika ukimya ule sauti iliita tena, mara moja, polepole, bila kupiga kelele, kama ya mtu asiyetaka kusumbua. Niliyasikia maneno yote. Halafu taa yetu ya nyuma ikaingia kwenye ukungu na sisi tukaenda nayo.

Tulipotoka mdomoni mwa ghuba redio ikapata watu. Boti ya wavuvi ikaja kutuvuta, wageni wakafunikwa mablanketi. Nilimvuta mjomba nikamwambia turudi. Akanionyesha maji chini, yalikuwa yamefika kwenye injini. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ndege haikuweza kuruka mpaka ukungu ulipoinuka, na ulikaa.

Waliompata ni watu wa Tai. Ndivyo inavyotakiwa, wafu wetu hubebwa na upande wa pili, sisi tunakaa. Baba mdogo Gilbert na wanawe walikwenda na boti yao na hawakurudi mpaka walipompata. Alikuwa ameketi juu ya jabali, juu ya alama ya maji kujaa, ameegemea mwamba, bila viatu. Kamba ya kiatu kimoja alikuwa ameitumia kufunga glavu ya rangi ya chungwa kwenye kijiti, na kijiti amekichomeka kwenye ufa, kikitazama maji. Baba mdogo Gilbert aliniletea glavu ile, akaiweka mapajani mwangu, akaenda kumwosha.

Kijijini maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya kumfariji mjomba. Walisema fisimaji ndio waliomtoa majini, nani mwingine angeweza. Walisema hata viatu wao ndio waliomvua, huanza na miguu. Walisema ulikuwa na roho za wageni mkononi, Cyril, na boti inazama. Bibi mmoja wa Tai alisema kama Cyril angeitikia, leo tungekuwa tunaosha maiti za boti nzima. Mjomba aliwashukuru kila mmoja. Lakini hakulala, hakula. Aliitoa taa ya Irene, ile ya mlingotini, akaipachika kwenye nguzo mwisho wa gati, na kila jioni aliiwasha. Hakumwambia mtu kwa nini. Nilikuwa nikiamka naona mwanga wake ukutani na kiti cha mjomba kitupu, maana alikuwa ameketi kule chini yake.

Nilimtazama akikonda. Nilijua anasubiri kuniuliza, na nilijua anaogopa.

Aliniuliza siku ya arobaini. Siku hiyo tunamlisha marehemu. Chakula alichokipenda kinatiwa motoni na jina lake linatajwa, naye anakipata. Nilikuwa nimepika supu ya samoni na viazi, na mkate wa kukaanga. Wengine walikuwa wameingia ndani. Tulibaki wawili kwenye moto nyuma ya nyumba, mimi nikiwa na bakuli.

"Verna," akasema. Alikuwa anatazama moto. "Wewe una masikio. Siku ile aliita vipi? Aliita jina, au aliita kwa undugu?"

Nilielewa anachouliza. Kama sauti iliita jina, Elwood alikuwa ameshakwisha, na mjomba aliwatoa watu hai mbele ya kitu kisicho mtu. Kama iliita kwa undugu, basi alikuwa bado wetu, na sheria ilikuwa ya mjomba mwenyewe, aliitoa kinywani mwake akiwa na kisu cha samaki mkononi: nenda, hata kama huoni mkono wako.

Nilimtazama. Alikuwa mzee ghafla, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Yule alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi yangu, na mwanamume wa mwisho wa nyumba yetu. Na aliyekuwa motoni anakula supu yake alikuwa kaka yangu.

"Jina," nikasema. "Aliita jina. Cyril, Cyril. Basi."

Alifunga macho. Alivuta pumzi ndefu iliyokwenda mpaka chini, ya kwanza tangu ghuba ile. Akaniitikia kwa kichwa, akaondoka kuelekea gatini, na nikaona taa ikizimika. Usiku ule nilimsikia akikoroma nyuma ya ukuta kama zamani. Mimi nilikaa gizani na glavu.

Irene iliburutwa nchi kavu na haikurudi majini. Nilimpikia mjomba majira ya baridi matatu. Alipata nafuu, alianza hata kutania, aliniambia niolewe na Tai yeyote asiyekoroma. Jina la Elwood aliweza kulitaja. Taa hakuiwasha tena. Mara moja tu, tukiwa tunashona nyavu, aliniambia bila sababu, "Ulifanya vizuri kupiga ile sufuria." Nikaendelea kushona.

Mjomba alikufa majira haya, kifua. Watu wa Tai wakamwosha, sisi tukakaa. Siku yake ya arobaini ilikuwa juzi. Nilimtilia motoni mayai ya samaki, viazi na kahawa yenye sukari nyingi, nikataja jina lake, na kwa sababu sasa wako pamoja na lazima wameshaambiana, sina tena wa kumfichia. Watu walipoondoka nilikwenda mpaka mwisho wa gati. Msumari wa taa bado uko kwenye nguzo. Maji yalikuwa yamejaa. Nilifungua mdomo na koo halikunifunga, nikayasema kwa sauti ile ile, polepole, kama ya mtu asiyetaka kusumbua, yale aliyoyasema kaka yangu ukunguni nilipoacha kupiga chuma:

"Mjomba, niachie taa."